Binti anang'oa nywele zake: Msimchape, anaumwa





Katika safu hii tumezoea kuzungumza juu ya maradhi ambayo kila mtu anayajua kwa jina, kama vile malaria, kipindupindu, kisukari na presha. Leo, Insha'Allah, tutazungumzia maradhi yaliyomo ndani ya nyumba nyingi na wenye nyumba hawajui kuwa ni maradhi. Ni hali ya mtu kung'oa nywele zake mwenyewe kwa vidole vyake, leo, kesho na keshokutwa, huku anataka kuacha na hawezi.

Chukua mfano wa nyumba kama zetu. Mama anafagia chumba cha binti yake wa miaka 12. Nyuma ya kitanda anakuta fungu la nywele. Moyo unamwenda mbio, na wazo la kwanza linalomjia ni uchawi: nani ameingia ndani mwangu? Jirani anaanza kutazamwa kwa jicho baya. Ijumaa inapofika, binti anatakiwa asukwe, anakataa kuvua ushungi. Anavuliwa kwa nguvu. Utosini pana kipara cha ukubwa wa kiganja. Anaulizwa nani kamfanya hivyo, anabaki analia. Baadaye anakiri kuwa ni yeye mwenyewe, na hapo baba anaagiza bakora iletwe.

Jirani wa watu hana kosa, na binti hakufanya utundu. Huyu ni mgonjwa, na bakora itamzidishia ugonjwa. Hilo ndilo tunalotaka msomaji ulielewe leo, wewe mzazi, wewe mwalimu wa madrasa, wewe mume, na wewe mwenyewe ambaye huenda unasoma makala hii huku mkono wako uko kichwani.

NI MARADHI GANI HAYA?

Kitaalamu yanaitwa trikotilomania. Jina hilo lilitolewa mwaka 1889 na daktari wa ngozi wa Ufaransa, François Henri Hallopeau, alipoeleza habari za kijana aliyekuwa akijing'oa nywele. Kwa hiyo wanaosema kuwa ni mambo ya watoto wa siku hizi ya simu na televisheni hawana hoja. Mwaka 1987 madaktari wa maradhi ya akili wa Marekani waliyaingiza katika mwongozo wao, na katika orodha mpya ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, yamewekwa pamoja na jamaa zake: kuchubua ngozi mpaka itoke damu, kutumbua chunusi na kubandua magamba ya vidonda kila vinapotaka kupona. Wataalamu huyahusisha pia na kung'ata kucha mpaka nyama na kutafuna ndani ya mashavu.

Kila mtu aliwahi kung'ata kucha au kutumbua chunusi. Hiyo peke yake haijawa maradhi. Inakuwa maradhi pale mambo matatu yanapokutana: mwili unapata madhara yanayoonekana, mtu amejaribu kuacha mara nyingi akashindwa, na jambo lenyewe linamtia huzuni au linamzuia kufanya shughuli zake, kama shule, kazi au kuhudhuria harusi.

Tafiti nyingi, ambazo zaidi zimefanyika nchi za Magharibi, zinaonyesha kuwa kati ya mtu 1 na 2 katika kila watu 100 hupatwa na hali hii ya kung'oa nywele. Ikiwa kwetu ni vivyo hivyo, basi katika msikiti wenye waumini 300 siku ya Ijumaa huenda wakawemo watu 3 hadi 6. Aghlabu huanza kati ya miaka 10 na 13, yaani wakati wa kuvunja ungo au kubalehe. Kwa watu wazima wanaofika hospitali, wanawake ni wengi kuliko wanaume, lakini wanaume nao wamo. Wapo wanaong'oa ndevu, na wengine watu huwadhania kuwa wanapuuza sunna kwa kukosa ndevu upande mmoja.

MKONO UNAENDAJE?

Kuna namna mbili, na mtu mmoja anaweza kuwa nazo zote. Ya kwanza ni ile ya kutojitambua. Mtu anasoma, anaangalia televisheni, anahifadhi sura yake ya Qur'an, au amelala kitandani anasubiri usingizi. Mkono unapanda wenyewe, na anapozinduka nywele ziko mapajani. Ya pili ni ile ya kujua. Mtu anahisi msukumo unapanda, kama mwasho usiokunika. Anatafuta unywele fulani, ulio mgumu au uliojikunja kuliko wenzake, anaung'oa, na kwa dakika chache anapata raha. Kisha raha inaondoka, na fedheha inachukua nafasi yake. Fedheha inaleta dhiki, dhiki inaita mkono tena. Ndiyo maana kumgombeza mtu huyu ni kumwagia moto mafuta ya taa.

Maradhi haya ni jamaa wa maradhi ya wasiwasi, yale ya mtu anayerudia udhu mara kumi au kusoma takbira ya kuhirimia mpaka imamu anakwenda rukuu. Tofauti yake ni kuwa mwenye wasiwasi anasukumwa na hofu, anaona ibada yake haikutimia. Huyu anayeng'oa nywele mara nyingi hana hofu yoyote. Anatuliza dhiki, uchovu, hasira, au hata kuchoka kwa kukaa bila kazi.

Chanzo chake hakijulikani kwa ukamilifu, lakini imeonekana kuwa maradhi haya huwapata zaidi watu wenye ndugu wa damu walio nayo, au walio na maradhi ya wasiwasi. Kwa hiyo mama usijilaumu kuwa umelea vibaya. Wala tusidhani kuwa kila anayeng'oa nywele ametendewa jambo baya. Wapo walioanza baada ya msiba, talaka ya wazazi au kuonewa shuleni, na wapo wengi walioanza bila tukio lolote.

DALILI ZAKE, NA TOFAUTI NA MAPUNYE

Si kila kipara ni cha kung'olewa. Kabla ya kumtuhumu mtoto, tazama kichwa chake kwa mwanga wa mchana.

Nywele zilizong'olewa huwa hazilingani urefu. Zipo zilizokatikia karibu na ngozi, zipo zinazoota upya, na katikati yake zipo ndefu zilizosalimika. Ukipitisha kiganja unahisi zinachoma kama brashi. Kipara hakina umbo maalumu, na mara nyingi kiko utosini au upande wa mkono anaoutumia zaidi. Ngozi yenyewe aghlabu haina magamba. Wengine nyusi zimebaki nusu, au kope hazipo kabisa.

Mapunye ni fangasi. Yana magamba, yanawasha, yanaambukiza, na utakuta mdogo wake naye ameanza. Haya yanahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, maana ya kupaka peke yake haifiki kwenye mzizi wa unywele. Kipara cha duara kilicho laini kama ganda la yai, kilichotokea ghafla bila maumivu, huweza kuwa ni kinga ya mwili inashambulia nywele. Na kipara cha kwenye paji la uso na juu ya masikio kwa wanaosukwa kwa kukazwa sana ni matokeo ya kusuka. Anayeweza kukutenganishia haya ni mhudumu wa afya.

Namna ya kumuuliza mtoto nayo ni tiba. Usimuulize mbele ya wadogo zake wala mbele ya wageni. Kaa naye faragha, kisha sema kwa sauti ya kawaida: "Mwanangu, kuna watu mikono yao hung'oa nywele bila wao kutaka. Je, na wewe hukutokea?" Wengi hulia kwa faraja kwa kusikia tu kuwa wapo wengine.

JE, NI MAJINI?

Sisi Waislamu tunaamini kuwa majini wapo, na hilo halina mjadala. Lakini kuamini kuwa majini wapo si sawa na kusema kila tusichokielewa kimefanywa na jini. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Allah hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa, na ametuhimiza tujitibu. Hali hii inaonekana kwa Waislamu na wasiokuwa Waislamu, Ulaya, Asia, Marekani na Afrika, kwa dalili zile zile na umri ule ule.

Kumsomea mgonjwa Qur'an na dua ni jambo jema, na moyo wake utatulia. Ubaya unaingia pale msomaji anapomchapa binti ili jini atoke, anapodai mbuzi na maelfu ya shilingi, anapomtaja jirani au mke mwenza kuwa ndiye mchawi, au anapokataza hospitali. Akifika hapo, mchukue mgonjwa wako mwondoke. Familia ngapi zimekatana undugu kwa fungu la nywele lililong'olewa na mkono wa mwenye nywele?

HIJABU: SITARA, LAKINI ISIWE MAFICHO

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi zaidi kuliko wengine. Mtoto wa shule asiyevaa ushungi, mwalimu na wenzake wataona kipara chake mapema. Binti yetu anaweza kukaa miaka mitano na hakuna aliyeona. Anaoga peke yake, anajifunga kitambaa hata usiku, na anasema hataki kusukwa kwa sababu kichwa kinamuuma. Mara nyingi siri hufichuka anapochumbiwa, pale somo wake anapotaka kumtayarisha kwa ajili ya harusi. Wapo wanaokataa wachumba wema, mmoja baada ya mwingine, na wazazi wanabaki kushangaa. Sababu ni kichwa, na hana wa kumwambia.

Kwa hiyo mama, bila kumpekua mwanao, jenga mazoea ya kumsuka na kumpaka mafuta kwa mikono yako tangu udogoni mpaka anapokuwa mkubwa. Utaona mengi kwa njia hiyo. Na wewe mume uliyeoa kisha ukagundua, mkeo hakukuhadaa kwa ubaya. Ameishi na hofu ya siku hiyo kwa miaka mingi. Neno lako la kwanza siku hiyo ndilo litakaloamua kama atatafuta tiba au atatafuta pengine pa kujificha.

HATARI KUBWA: KULA NYWELE

Wapo wanaochezea unywele midomoni baada ya kuung'oa, na sehemu yao huumeza. Jambo hili lazima liulizwe wazi, maana wagonjwa hawalisemi wenyewe. Tumbo la binadamu haliwezi kusaga unywele. Nywele zinakusanyika, zinajisokota na mabaki ya chakula na kuwa donge gumu lenye umbo la mfuko wa tumbo. Mara chache mkia wa donge hilo huteremka mpaka kwenye utumbo. Donge kubwa halitoki kwa dawa ya kuharisha, bali mara nyingi kwa upasuaji, na likiachwa linaweza kuziba au kutoboa utumbo na kuua.

Mpeleke mgonjwa hospitali haraka ikiwa anang'oa nywele na ana mojawapo ya haya: maumivu ya tumbo yanayorudi, kutapika, kushiba baada ya matonge mawili, kukonda, uvimbe mgumu unaoshikika juu ya kitovu, choo kigumu au nywele kwenye choo, na weupe wa macho na viganja unaoashiria upungufu wa damu. Mwambie mganga wa hospitali waziwazi: "Huyu anakula nywele." Neno hilo moja litampunguzia daktari safari ya vipimo.

YASIYOFAA

1. Kuchapa, kutukana na kumpa majina kama "kipara". Yanaongeza dhiki, na dhiki ndiyo inayouita mkono.

2. Kumnyoa kwa nguvu. Nywele zitaota na mkono utarudi, au utahamia kwenye nyusi na kope. Mtu mzima akichagua mwenyewe kupunguza nywele ni jambo jingine.

3. Kupaka vidole pilipili au shubiri. Mkono unaogusa kope ukiwa na pilipili utaumiza jicho.

4. Kumwambia "acha tu, jikaze". Angeweza kuacha kwa kujikaza, angekwisha kuacha zamani.

5. Kununua mafuta ya kuotesha nywele. Mizizi ya nywele zake kwa kawaida ni mizima. Unywele huota kiasi cha sentimita 1 kwa mwezi ukiachwa. Ila aliyeng'oa mahali pamoja kwa miaka mingi anaweza kupata kovu, na hapo pasiote tena. Hii ni sababu ya kuwahi tiba.

TIBA YAKE

Tiba iliyothibiti zaidi haina kidonge. Mwaka 1973 wataalamu wawili wa saikolojia wa Marekani, Azrin na Nunn, walichapisha njia ya kuufundisha mkono tabia nyingine mahali pa ile mbaya. Njia hiyo imeendelezwa na ndiyo inayotumika mpaka leo. Ni vizuri kuifanya na mtaalamu, lakini misingi yake familia inaweza kuianza nyumbani.

Kwanza, kujua. Kwa wiki mbili mgonjwa awe na kijidaftari. Kila mkono unapopanda aandike saa, mahali, alikuwa akifanya nini, alikuwa na hali gani moyoni, na mkono gani. Asijilaumu, aandike tu. Baada ya wiki mbili utaona njia anayopita adui: labda ni saa mbili usiku akifanya kazi za shule ameegemeza kichwa kwenye mkono wa kushoto, labda ni mbele ya kioo cha bafuni, labda ni siku za kukaribia hedhi.

Pili, kuupa mkono kazi nyingine. Mkono unapoanza kupanda, au msukumo unapokuja, afunge ngumi zote mbili, mikono ikae mapajani au pembeni, na aibane kwa dakika moja au zaidi mpaka msukumo upungue. Msukumo ni kama wimbi, hupanda kisha hushuka. Kazi hiyo iwe ni ya kuweza kufanyika popote bila watu kujua, darasani au ndani ya daladala. Kwetu sisi tasbihi ni msaada mkubwa: ishike kwa mkono ule ule unaong'oa, vidole vihesabu punje moja moja. Mikono inashughulika, na ulimi unapata thawabu.

Tatu, kumfungia adui njia. Kama anang'oa usiku, alale na kitambaa laini kichwani. Kama ni kwenye kioo, apunguze muda wa kukaa hapo na kile kibano cha nyusi kitolewe nyumbani. Kama ni wakati wa kusoma, afungwe plasta kwenye ncha za kidole gumba na cha shahada, ili vidole visiushike unywele vizuri. Plasta hiyo ivuliwe wakati wa udhu, kwa kuwa maji lazima yafike kwenye ngozi. Kucha zikatwe fupi, jambo ambalo ni katika sunna za maumbile. Anayehifadhi Qur'an akae na wenzake badala ya kujitenga pembeni peke yake.

Nne, msaidizi mmoja. Mgonjwa achague mtu mmoja anayemwamini: mama, dada, mume au shangazi. Wakubaliane alama ya siri, kwa mfano kugusa bega. Msaidizi akiona mkono umepanda, anagusa bega na kunyamaza. Na siku ikipita vizuri, amsifu kwa juhudi yake.

Tano, subira. Kupona kwa maradhi haya hakwendi kwa mstari ulionyooka. Mtu hukaa miezi mitatu salama, kisha wiki ya mitihani anang'oa tena. Hiyo haifuti miezi mitatu. Arudi kwenye daftari lake na ngumi zake, aendelee.

Kwa watoto wadogo wa chini ya miaka 5, hali hii mara nyingi huja pamoja na kunyonya kidole au wakati wa kusinzia, na wengi huacha wenyewe. Mpe kitu laini cha kushika, mvishe kofia, na usilifanye jambo kubwa.

VIPI KUHUSU DAWA?

Hakuna kidonge ambacho mtu ataandikiwa na kupona moja kwa moja. Dawa za kutibu sonona, ambazo wengi huanzishiwa, hazijaonyesha nguvu ya kutosha juu ya kung'oa nywele kwenyewe, ingawa humsaidia mgonjwa mwenye sonona juu yake. Klomipramini imewasaidia baadhi, na ina madhara yanayohitaji uangalizi.

Mwaka 2009 ulitoka utafiti wa Marekani kwa watu wazima 50 waliofuatiliwa wiki 12. Zaidi ya nusu ya waliopewa asetilisisteini, dawa ambayo pia hutumika kulainisha makohozi, walipata nafuu kubwa, na kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa nafuu hiyo ilikuwa kwa 16 katika kila 100. Lakini utafiti kama huo kwa watoto, uliotoka mwaka 2013, haukuonyesha faida. Mwaka 2023 ulitoka mwingine kwa watu wazima 100 waliokuwa na maradhi ya kung'oa nywele au kuchubua ngozi. Memantini, dawa ya wazee wenye maradhi ya kusahau, iliwapa nafuu kiasi cha watu 6 katika kila 10. Habari hizi zinatia matumaini, ila zisikupeleke duka la dawa kununua mwenyewe. Mpelekee daktari, mzungumze.

KWA UPANDE WA IBADA

Wapo wanaoteswa zaidi na maswali ya dini kuliko na kipara chenyewe. Dada anasikia mawaidha juu ya kukatazwa kunyonyoa nyusi kwa ajili ya urembo, anarudi nyumbani akiamini kuwa yeye amelaaniwa. Dada yangu, wewe huondoi nyusi ili upendeze. Unaumwa, na unalia kila zinapotoka. Nenda kwa sheikh mwenye elimu, mweleze hali yako kama ilivyo, naye ajue kuwa anamjibu mgonjwa anayejitahidi kujitibu.

Kuhusu udhu, sehemu ya kichwa isiyo na nywele inapakwa maji juu ya ngozi, na udhu unatimia. Kung'oka kwa unywele hakutengui udhu, na katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, damu ya kidonda cha ngozi haitengui pia. Na anayetarajia Hijja au Umra amuulize sheikh wake mapema, maana aliye katika ihramu amekatazwa kuondoa nywele na kuna fidia zake. Mikono yake izoezwe miezi kadhaa kabla ya safari. Kuhusu nywele za bandia, ambazo wenzetu wa Magharibi hushauriana kuzitumia, sisi tumeshakuwa na mtandio.

WAPI PA KWENDA?

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Kazi yetu sisi matabibu wa huko ni kuhakikisha si mapunye, kupima damu, kupapasa tumbo na kukuandikia barua ya rufaa. Ukiona aliyekupokea halijui jina la maradhi haya, usiondoke kwa hasira. Mweleze dalili, na omba upelekwe hospitali ya mkoa palipo na kliniki ya afya ya akili. Kwa maradhi ya akili zipo pia Muhimbili jijini Dar es Salaam, Mirembe mjini Dodoma, na Kidongo Chekundu kwa ndugu zetu wa Unguja. Ikiwa shaka ni ya ngozi, KCMC mjini Moshi kuna kituo cha kufundishia wataalamu wa ngozi tangu mwaka 1992.

Kwenda kliniki ya akili hakumfanyi mtu kuwa mwendawazimu. Anayeng'oa nywele ana akili zake timamu, anafaulu mitihani, anaongoza nyumba na anafanya biashara. Lakini akianza kusema kuwa amechoka kuishi, au akijitenga na kuacha kula, usingoje siku ya kliniki. Mpeleke siku hiyo hiyo.

Walimu wa madrasa nanyi mna nafasi kubwa. Ukimwona mwanafunzi mkono wake hauondoki kichwani anaposoma, usimtaje mbele ya wenzake. Mpe kazi ya mikono: agawe misahafu, ashike ubao, afuate aya kwa kidole. Kisha muite mzazi faragha.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa ukiwa na siri yako, ambaye hujawahi kumwambia mtu hata mmoja: una maradhi yenye jina, yenye wenzako wengi na yenye tiba. Jioni hii tafuta kijidaftari na kalamu. Kisha chagua mtu mmoja, umwonyeshe makala hii, umwambie, "Hii ni habari yangu."

Tunamuomba Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu na azitie huruma nyumba zetu.

Wabillahi tawfiiq.